Angelopoulos alituzwa kwa filamu isiyo yake bora

Mwaka 1998 majaji wa tamasha la filamu la Cannes, chini ya uenyekiti wa Martin Scorsese, walimpa Theo Angelopoulos Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha hilo, kwa kauli moja. Filamu yenyewe ilikuwa Mia aioniotita kai mia mera, yaani Umilele na Siku Moja: mwandishi mgonjwa wa Thessaloniki, siku yake ya mwisho kabla ya kulazwa, anakutana na mtoto mkimbizi kutoka Albania. Tangu hapo wasifu wa mwongozaji huyu wa Kigiriki huandikwa kwa mtindo uleule: alianza kwa tabu, akapanda ngazi, akafika juu. Mimi hesabu hiyo siikubali. Filamu iliyostahili kumfikisha juu ilikuwa imeshapita Cannes miaka 23 kabla, tena kwa mlango wa uani. Serikali ya Ugiriki chini ya Karamanlis haikutaka kuipeleka kuiwakilisha nchi, ikaonyeshwa kwenye kitengo cha kando cha waongozaji, na ikatoka na tuzo ya wahakiki wa kimataifa, FIPRESCI. Hiyo ni O Thiasos, filamu ya 1975 kuhusu kundi la waigizaji wanaotembeza mchezo wao mji kwa mji.

Ninachodai ni hiki. Angelopoulos alikuwa na silaha moja kubwa, shoti ndefu isiyokatwa, yaani picha inayopigwa mfululizo bila kamera kusimamishwa, na silaha hiyo ilikuwa na makali zaidi pale alipokuwa hana nyota wa kimataifa, hana muziki wa kubembeleza, na ana mdhibiti wa serikali mlangoni. Kadiri vitu hivyo vilivyobadilika, ndivyo filamu zake zilivyozidi kusema kwa maneno yale ambayo zamani kamera iliyasema yenyewe.

Tuanze na silaha yenyewe, maana wengi huisifu au huilaani bila kujua inavyofanya kazi. Filamu ya milimita 35 hupita kwenye kamera fremu 24 kwa sekunde, sawa na karibu mita 27 kwa dakika. Mkanda mkubwa wa kawaida una futi 1,000, yaani mita 305. Gawanya upate dakika 11 na sekunde chache. Huo ndio mwisho wa dunia kwa mwongozaji wa enzi ile: shoti haiwezi kuzidi hapo, hata Mungu akijalia kila kitu kiende sawa. O Thiasos ina dakika takriban 230 na shoti takriban 80, wastani wa karibu dakika tatu kwa shoti, ilhali filamu nyingi za kibiashara hutumia sekunde chache tu kabla ya kukata. Wastani lakini hudanganya, kwa sababu zipo shoti fupi zinazobeba nafasi ya zile ndefu, na zile ndefu ndizo zinazoikaribia mipaka ya mkanda.

Shoti ya dakika saba au nane si suala la kuiacha kamera iendelee kuzunguka. Kwanza huchorwa njia ya kamera. Reli za kigari kinachoibeba hulazwa chini na kusawazishwa kwa kabari za mbao, kwa kuwa barabara ya mawe ya mji mdogo wa Kigiriki haina hata hatua mbili zilizo sawa, na mtikisiko mmoja katika dakika ya sita unaua kazi ya dakika tano zilizotangulia. Kila anapopaswa kusimama mwigizaji huwekwa alama, na msaidizi wa kamera hupima kwa futi ya kamba umbali wa kila alama hadi kwenye lenzi, kisha anaukariri mfululizo wote, maana yeye ndiye anayezungusha fokasi, yaani ukali wa picha, huku kamera ikitembea. Watu mia wa nyuma ya picha wanahitaji ishara ya kuanza, na ishara hiyo haiwezi kupigiwa kelele ikiwa sauti inarekodiwa. Akichelewa mmoja, wote wanarudi mwanzo. Hakuna mhariri wa kuja kuokoa jahazi, kwa sababu hakuna kipande cha pembeni cha kubandika juu ya kosa.

Hapa ndipo inapoeleweka ile hali ya hewa yake maarufu. Watu waliozoea kuiona Ugiriki ya bahari ya buluu kwenye kadi za posta hushangaa: filamu za Angelopoulos ni mvua, ukungu, theluji na matope ya kaskazini, Ioannina, Florina, Thessaloniki. Wahakiki huandika kurasa kuhusu huzuni ya rangi hiyo. Huzuni ipo, sibishi. Lakini muulize mpiga picha yeyote aliyewahi kushuti nje atakwambia jambo jingine. Kamera inapozunguka nyuzi 360 uwanjani, kuna mahali itatazama jua na mahali italipa jua kisogo. Kivuli cha kamera na watu wake kitaingia kwenye picha, na taa haziwezi kufichwa popote. Wingu likipita katikati ya shoti ya dakika tisa, mwanga hupungua ghafla na mtazamaji hushtuka. Anga iliyofunga kabisa humaliza matatizo hayo yote kwa mpigo: mwanga ni mmoja kila upande, hakuna vivuli, na saa nne asubuhi inafanana na saa tisa alasiri. Giorgos Arvanitis, mpiga picha aliyekuwa naye tangu filamu ndefu ya kwanza, aliijenga sura ya sinema hii juu ya mbingu ya kijivu. Mtindo na ufundi vilikuwa kitu kimoja.

Alikotoka kunasaidia kidogo. Alizaliwa Athens mwaka 1935, akaanza sheria asiimalize, akaenda Paris, akaingia chuo cha filamu cha IDHEC na kufukuzwa baada ya kugombana na mwalimu, na kama alivyosimulia mwenyewe ugomvi ulihusu shoti ya kuzunguka nyuzi 360. Kisha akapita kwa Jean Rouch, mwanafilamu wa maisha ya watu. Aliporudi nyumbani miaka ya 1960 alikuwa mhakiki wa sinema katika gazeti la mrengo wa kushoto, Dimokratiki Allagi, hadi wanajeshi walipopindua serikali Aprili 1967 na kulifunga.

Filamu zake tatu za kwanza zilianza chini ya utawala huo. Anaparastasi ya 1970 inarudia mauaji ya mfanyakazi aliyerudi kijijini Epirus kutoka Ujerumani na kuuawa na mkewe na hawara wake. Ni kisasili cha Kigiriki cha mfalme Agamemnon aliyeuawa na mkewe Clytemnestra, kwa sare ya polisi na waandishi wa habari, picha nyeusi na nyeupe, bajeti ya mkono mtupu. Mauaji yenyewe hatuyaoni. Kamera inabaki nje ya nyumba. Mwaka 1972 akatoa Meres tou '36, Siku za 1936: mfungwa amemteka mbunge ndani ya seli, na serikali iliyo karibu kuangukia mikononi mwa dikteta Metaxas haijui la kufanya. Karibu kila jambo muhimu linatokea nyuma ya mlango uliofungwa, kwa minong'ono, kwa simu tusizozisikia. Mdhibiti angekata nini? Hakuna neno la kukatwa. Lakini mtazamaji wa Athens wa 1972 alijua fika mlango ule ni wa nani.

Watu husema udhibiti ulimkwamisha. Mimi naona ulimfundisha somo ambalo chuo kilishindwa: kwamba kisichoonekana kikiwekewa fremu nzuri huwa kizito kuliko kinachoonekana. Somo hilo alilitumia hata alipokuwa huru. Katika Topio stin omichli, Mandhari Ndani ya Ukungu ya 1988, dereva wa lori anamvuta binti mdogo nyuma ya gari lake kando ya barabara kuu. Kamera haisogei. Tunatazama turubai iliyoshushwa, magari yanapita, mengine yanasimama kidogo na kuondoka, na hakuna mayowe wala muziki. Muda unakwenda kwa urefu wake kamili. Nimewahi kusoma hoja kwamba huo ni ukatili dhidi ya mtazamaji. Kwangu mimi ni kinyume, ni mwongozaji kukataa kumgeuza mtoto kuwa tamasha.

Sasa O Thiasos. Kundi la waigizaji linazunguka nchi likijaribu kuigiza Golfo, mchezo wa wachungaji wa Spyridon Peresiadis, na kila mara historia inaukatiza: uvamizi wa Waitalia mwaka 1940, Wajerumani, Waingereza, vita vya wenyewe kwa wenyewe. Waigizaji wana majina ya kisasili cha ukoo wa Atreus, ukoo uleule wa Agamemnon: Elektra, Orestes, Pylades, Aegisthus. Upigaji ulianza mapema 1974, wanajeshi wangali madarakani, na kisasili hicho kilikuwa hati ya kusafiria. Aliyeuliza aliambiwa ni hadithi ya Orestes iliyowekwa wakati wa ukaliaji wa Wajerumani. Julai mwaka huohuo utawala ukaanguka, kazi ikaendelea kwa uhuru.

Tazama tukio la ukumbi wa dansi usiku wa kuamkia 1946. Upande mmoja vijana wa mrengo wa kushoto, wanaume kwa wanawake. Upande mwingine wafuasi wa mfalme, wanaume watupu, makoti na kofia. Wanashindana kwa nyimbo, kila kundi likijibu beti za jingine kwa kejeli, na bendi katikati inamfuata aliye juu. Halafu mmoja wa wale wanaume anatoa bastola na kufyatua. Vijana wanaondoka na wanawake wao, na waliobaki wanacheza dansi wao kwa wao, mwanaume na mwanaume, wakiwa na uso wa ushindi. Miaka mitatu ya vita iliyokuwa mbele yao imo humo, na hakuna aliyetoa hotuba.

Kisha walewale wanatoka alfajiri, wamelewa, wanayumbayumba barabarani wakiimba. Kamera inaandamana nao. Taratibu kuyumba kunageuka kutembea, kutembea kunageuka gwaride, na wanapofika uwanjani wanaingia kwenye mkutano wa kampeni ya Marshali Papagos, mgombea wa mrengo wa kulia. Huo ni mwaka 1952. Hakuna mkato. Miaka sita imepita kwa mwendo wa mtaa mmoja, na maana yake ya kisiasa haihitaji maelezo: waliofyatua risasi ukumbini ndio hao wanaogombea kutawala. Ukilikata tukio hilo mara mbili, likabaki na maandishi ya «miaka sita baadaye» kwenye kioo, hoja nzima inakufa, kwa sababu hoja iko kwenye miguu isiyosimama.

Hapo ndipo lilipo kosa la wanaomwita mwongozaji wa polepole. Shoti ndefu kwa waongozaji wengi hulinda muda wa saa: dakika moja ya kwenye filamu ni dakika moja ya maisha. Kwa Angelopoulos hufanya kinyume. Mahali ni pamoja, muda unaruka. Kwa kipimo cha historia kinachopita kwa dakika, O Thiasos ni filamu ya kasi kuliko nyingi za vita.

Inatumia pia kitu kingine ambacho baadaye alikipoteza. Mara tatu mwigizaji anaigeukia kamera na kutueleza moja kwa moja: Agamemnon juu ya kukimbia Asia Ndogo mwaka 1922, Elektra juu ya mapigano ya Athens ya Desemba 1944, Pylades juu ya mateso kizuizini. Ni ushahidi mkavu, unatolewa kama mbele ya hakimu. Maneno yapo mengi, ila ni maneno ya kutaja mambo yaliyotokea, wapi na lini, hayana haja ya kuwa mazuri. Na muziki wote unatoka ndani ya tukio: kodiani, bendi, watu wanaoimba. Hakuna vayolini inayotuelekeza wakati wa kulia.

Zilizofuata nitazipita haraka. Oi Kynigoi ya 1977, Wawindaji, ina wazo kali la mwili wa mpiganaji wa msituni unaokutwa kwenye theluji, damu bado mbichi miaka mingi baada ya vita kwisha; lakini wazo moja linavutwa mno. O Megalexandros ya 1980 ni ndefu, yenye picha za kutisha kwa uzuri, na ndipo imani yake kwa viongozi wa kushoto inapozikwa rasmi.

Mgeuko ni Taxidi sta Kythira ya 1984, Safari ya Kythira. Mkomunisti mzee anarudi kutoka Muungano wa Kisovieti baada ya miaka 32, hakuna anayejua amweke wapi, na mwisho anaachwa juu ya chelezo baharini, nje ya mipaka. Cannes iliipa tuzo ya muswada. Hapa waliingia watu wawili wakubwa: Tonino Guerra, mwandishi wa Kiitalia aliyekuwa amefanya kazi na Antonioni na Fellini, na mtunzi wa muziki Eleni Karaindrou, aliyebaki naye hadi mwisho. Muziki wa Karaindrou ni mzuri, husikilizwa hata bila filamu, na shida ndiyo hiyohiyo. Kuanzia hapo kuna sauti iliyo nje ya tukio inayojua tunapaswa kuhisi nini. Na mhusika si kundi tena, ni mwanaume mmoja mwenye huzuni, mara nyingi msanii, akitafuta kitu. O Melissokomos ya 1986 ikampa Marcello Mastroianni kuwa mfuga nyuki, na mlango wa nyota wa nje ukafunguka.

Mandhari Ndani ya Ukungu ndiyo filamu ya mwisho ambamo mambo haya yote mapya yanakubaliana na yale ya zamani. Watoto wawili, Voula na Alexandros, wanapanda treni kumtafuta baba wanayeamini yuko Ujerumani. Kuna tukio kituo cha polisi: theluji inaanza kudondoka, watu wazima wote wanatoka nje na kuganda wakitazama juu, na watoto wanapenya katikati yao na kutoroka. Hakuna ufafanuzi, ni mchezo wa kugandisha watu tu, na unabeba utoto wote. Ilipata Simba wa Fedha wa Venice, na mwaka 1989 ikawa filamu bora ya Ulaya. Angeipata Palme d'Or kwa hii, nisingeandika makala haya.

To vlemma tou Odyssea, Jicho la Odysseus ya 1995, inaonyesha ugonjwa na dawa kwa pamoja. Harvey Keitel ni mwongozaji asiye na jina, herufi A tu, anayezunguka Balkani hadi Sarajevo ya vita akitafuta mikanda mitatu isiyosafishwa ya ndugu Manaki, waanzilishi wa sinema ya Balkani. Uzalishaji wenyewe ulikuwa mgumu: Gian Maria Volonté alifariki Florina Desemba 1994 katikati ya kazi, nafasi yake ikachukuliwa na Erland Josephson. Keitel ni mwigizaji wa nguvu za ndani, anayehitaji kamera imkaribie usoni. Kamera hii haikaribii. Basi akapewa maneno, kwa Kiingereza, sentensi za kunukuliwa kuhusu safari na mwanzo na mwisho, na zinatoka kinywani mwake kama barua iliyoandikwa na mtu mwingine.

Lakini katikati ya filamu hiyohiyo kuna nyumba ya Constanța, Romania. A anaingia na mama yake aliye bado kijana, ukumbini watu wanaukaribisha mwaka 1945. Dansi inaendelea. Baba anarudi kutoka kizuizini. Wanaume wa makoti wanamchukua mtu mmoja wa familia, na watu wanatakiana heri ya 1948. Wanacheza tena. Inaingia kamati ya kutaifisha, inabeba samani, inabeba piano, na sasa ni 1950. Familia inajipanga kwa picha ya mwisho, mama anamwita A, na anayeitika ni mtoto mdogo. Ni kama dakika kumi, shoti moja, kamera karibu haina kazi zaidi ya kusogea polepole. Hakuna aliyepakwa mvi. Kinachobadilika ni nani kaingia mlangoni na nini kimebebwa nje. Keitel hapo hasemi lolote la maana, na ndipo anapokuwa bora kuliko mahali pengine pote. Cannes iliipa Tuzo Kuu, ya pili kwa ukubwa, nyuma ya Emir Kusturica aliyeondoka na Palme d'Or, na Angelopoulos hakuficha hasira zake jukwaani.

Miaka mitatu baadaye walimlipa. Umilele na Siku Moja ina mpaka wa Albania kwenye theluji, na watu waliogandia kwenye uzio kama vivuli, picha ambayo hakuna mwingine angeiwaza. Ina pia Bruno Ganz, Mswisi wa lugha ya Kijerumani, aliyewekewa sauti ya Kigiriki na mtu mwingine. Midomo na sauti vinapishana kidogo tu, lakini katika shoti ya dakika sita mtazamaji ana muda wa kuona. Hilo ni deni la kifundi la shoti ndefu: haifichi kitu. Katika filamu ya mikato ya haraka ungemgeuza mwigizaji kisogo na hakuna ambaye angejua. Juu ya hilo, mhusika anatuambia kwa maneno kwamba amepoteza muda, amepoteza mke, amepoteza lugha. Elektra wa 1975 alitupa tarehe na mahali, majonzi tukayapata wenyewe.

Ustadi haukumwacha. Kwa To livadi pou dakryzei ya 2004, Bonde Linalolia, kijiji kizima kilijengwa kwenye sakafu ya ziwa Kerkini wakati maji yamepungua, yakaachwa yapande na kukizamisha. Hakuna kompyuta. Msafara wa mashua zenye bendera nyeusi unaopita humo unatosha kuwa sababu ya kuitazama filamu ya karibu saa tatu, hata kama wapenzi wawili waliopo katikati yake hawana damu mwilini. I skoni tou chronou ya 2008, yenye Willem Dafoe, Irène Jacob, Michel Piccoli na Ganz, inanishinda: waigizaji wakubwa wengi, kila mmoja na sentensi zake. Ya tatu katika mfululizo ulioanzia Bonde Linalolia, I alli thalassa, alikuwa akiipiga eneo la Piraeus na Toni Servillo. Tarehe 24 Januari 2012, akivuka barabara karibu na eneo la kazi, aligongwa na pikipiki, akafariki akiwa na miaka 76.

Kwa anayetaka kuanza: asianze na ile ya Palme d'Or. Aanze na Mandhari Ndani ya Ukungu, dakika 127, kisha Anaparastasi. O Thiasos aje nayo tatu, akiwa na tarehe nne kwenye karatasi: Oktoba 1940, Desemba 1944, vita vya wenyewe kwa wenyewe 1946 hadi 1949, na uchaguzi wa Novemba 1952. Simu haifai kabisa, kwa kuwa watu huwa wako mbali na kamera na nusu ya habari iko nyuma yao: bango ukutani, sare, bendera. Atafute nakala iliyosafishwa yenye uwiano kamili wa picha, kwani pembeni ndipo wanapoingilia wanaume wa makoti.